Maneno ninayajua, sentensi zinanishinda

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wa safu yako, umri wangu ni miaka 31, na ninajiandaa kurudia mtihani wa lugha ambao umekwisha kunishinda mara mbili. Sehemu inayoniangusha ni ileile kila mara: kuchagua neno la kujaza pengo katika sentensi, na kueleza maana ya neno kama lilivyotumika. Nikisema kwamba sikujitahidi nitakuwa ninaidhulumu nafsi yangu. Kwa miezi saba nimekuwa nikinakili maneno kutoka kwenye kamusi, maneno 30 kila usiku, neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, na sasa nimefika herufi ya M. Ukinitajia neno lolote kati ya hayo nitakupa maana yake bila kusita. Likitoka daftarini na kuingia katika sentensi, huwa kana kwamba sijapata kuliona.

Naomba nikuwekee maswali matano yaliyonikosesha alama, ili usidhani ninalalamika tu.

La kwanza: "Ingawa hoja zake zilikuwa ______, wajumbe walizikataa zote." Tulipewa dhaifu, nzito, finyu na potofu. Nilichagua dhaifu, kwa sababu hoja dhaifu ndizo zinazokataliwa.

La pili: "Daktari ______ wagonjwa wodini kila asubuhi ili kujua hali zao." Nilichagua aliwadhuru badala ya aliwazuru. Neno zuru nalisikia kila siku, lakini daftari langu halijafika Z, nami nikaamini kwamba huandikwa kwa dh.

La tatu lilitutaka tujaze vitenzi vyetu wenyewe: "Kijana yule ______ nguo, ______ vyombo, kisha ______ mikono." Niliandika alizoea kuosha, nikafuta, nikaandika aliosha mara tatu. Nikaambulia alama moja kati ya tatu.

La nne lilikuwa la kueleza maana ya neno paa katika sentensi hii: "Wakazi waliporudi walikuta paa limetoweka." Nilijibu kwamba paa ni mnyama wa porini wa jamii ya swala. Kinachotoweka si mnyama?

La tano: "Msafiri alivaa kofia ______." Tulipewa nyeusi, kubwa, mpya na nzuri. Nilichagua kubwa, jibu lililotakiwa ni mpya. Nimelitazama swali hilo hadi leo na sijaliona kosa langu.

Mkufunzi wa darasa la jioni nilipomwonyesha karatasi yangu alicheka mbele ya wenzangu, akasema nisiwe na wasiwasi, nisome tu kwa makini, muktadha utajieleza wenyewe. Mwalimu, mimi muktadha haujanieleza chochote. Vidokezo hivyo ambavyo kila mtu anavitaja vimekaa wapi ndani ya sentensi? Na daftari langu, nilipeleke hadi Z au nilichome?

Ni mimi,
Mtahiniwa wa Mara ya Tatu

*

Marahaba, mwanangu.

Niliisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu makosa yako ni ya aina ambayo mwalimu huyafurahia: kila moja lina sababu yake, na karibu yote yanatoka katika tabia moja. Wewe huanza na majibu. Unayaona maneno manne, unakumbuka maana zake kutoka daftarini, unaona lipi linapendeza, ndipo unarudi kwenye sentensi kulipachika. Mtu anayefanya hivyo huisoma sentensi akiwa tayari ameamua, na akili iliyokwisha kuamua haioni linalopingana nayo. Nataka ugeuze mwendo. Funika majibu kwa kiganja, soma sentensi nzima pamoja na pengo lake, kisha andika pembeni neno lako mwenyewe, hata likiwa la kawaida kabisa, ambalo ungelitia pale. Baada ya hapo ondoa kiganja na utafute katika yale manne lililo karibu zaidi na neno lako.

Tulijaribu hilo kwa swali lako la kwanza. Neno lililokuangusha pale si dhaifu wala nzito. Ni ingawa, ambalo nadhani ulilipita kama mtu apitavyo kizingiti. Ingawa humwambia msomaji kwamba upande wa pili wa sentensi utakwenda kinyume cha alichokitarajia. Hoja dhaifu zikikataliwa, hakuna aliyeshangaa, na ingawa inabaki haina kazi. Ili kukataliwa kuwe jambo la ajabu, hoja zenyewe lazima ziwe zilistahili kukubaliwa, yaani zilikuwa nzito. Sasa ondoa ingawa, uweke kwa kuwa: "Kwa kuwa hoja zake zilikuwa dhaifu, wajumbe walizikataa zote." Hapo jibu lako lingekuwa sahihi kabisa, na nzito ingekuwa kosa. Neno moja dogo mwanzoni mwa sentensi limepindua jibu, na neno hilo halikuwamo hata katika orodha ya kuchagua.

Angalia na jambo jingine ambalo watahiniwa wengi hawalioni. Dhaifu, finyu na potofu zote zinaelekea upande mmoja, upande wa kasoro. Nzito peke yake inaelekea upande mwingine. Kama dhaifu ingekuwa sahihi, kwa nini finyu na potofu zisiwe sahihi pia? Unapokuta maneno matatu yanayoweza kubadilishana nafasi bila sentensi kujali, shuku yote matatu. Hili si ushahidi kamili, na sipendi mtu alifanye kuwa kanuni, lakini litakufanya urudi kuisoma sentensi mara nyingine, na kurudi huko ndiko unakokuhitaji.

Viunganishi, basi, ndivyo nitakavyokutaka uvitazame kwanza, kabla ya nomino na vitenzi vinavyong'aa zaidi. Licha ya na hata hivyo hufanya kazi inayokaribiana na ya ingawa. Bali hutanguliwa na ukanushi na hudai kilicho kinyume cha kilichokanushwa: ukisoma "Hakuwa bahili, bali ______," huna haja ya kuona majibu ili kujua kwamba unatafuta karimu au neno la ukoo huo. Sembuse hushuka ngazi. "Hata waogeleaji mahodari walirudishwa na mawimbi, sembuse ______": pengo hilo haliwezi kujazwa na nahodha mzoefu, linamtaka mtu aliye chini ya mahodari, kwa mfano wanaojifunza. Neno yaani ni ukarimu wa mwandishi, kwa sababu baada yake huja maana yenyewe, na mara nyingi mtahiniwa aliyebabaikia neno gumu huacha kusoma maneno mawili tu kabla ya kufika kwenye yaani.

Nyakati za vitenzi nazo husema. Katika "______ yeye huchelewa," hu- ya mazoea inalikataa juzi na inalikataa kesho, inalikubali aghalabu.

Sasa tuje kwenye paa, swali ambalo nalipenda kuliko yote uliyoniletea. Umesema kinachotoweka ni mnyama, na kama ungekuwa unasoma lugha isiyo na ngeli ningekuelewa. Lakini sentensi inasema paa limetoweka. Mnyama angekuwa ametoweka. Hiyo li- ni ya ngeli ya jicho na macho, ambamo paa la nyumba na mapaa ya nyumba yamo, ilhali paa wa porini huchukua a- katika umoja na wa- katika wingi kama viumbe wengine. Herufi mbili zilikuwa zimekujibu swali zima. Kisha lipo dokezi la pili, dhaifu kidogo, lililo nyuma yake: wakazi waliporudi. Wakazi hurudi makwao, na makwao kuna nyumba. Ukiunganisha mawili hayo hubakiwi na shaka kwamba upepo au jambo jingine liliwaachia kuta tupu.

Maneno ya namna hiyo, yenye umbo moja na maana zaidi ya moja, huitwa vitawe, na upatanisho wa kisarufi huyatenganisha mengi yake bila malipo yoyote. Ndege alitua ni kiumbe mwenye manyoya. Ndege ilitua ni chombo chenye abiria. Tai yule yuko angani, tai ile iko shingoni. Kaa huyu anatembea kiubavu, kaa hili linaunguza. Kwa hiyo kila unapoulizwa maana ya nomino, usiiangalie nomino kwanza. Angalia viambishi vilivyo kwenye kitenzi, kivumishi na kionyeshi vinavyoizunguka.

Vitenzi havina msaada huo, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu zaidi. "Mtoto alipanda mti." Alikwea au alitia mche ardhini? Sentensi hiyo peke yake haisemi, na anayekuambia kwamba anajua anabahatisha. Soma inayofuata. Kama ni "Akateleza, akaanguka," alikwea. Kama ni "Akaumwagilia maji kila jioni," alitia mche. Watahini hupenda kulificha dokezi katika sentensi ya pili kwa sababu wanajua kwamba mtahiniwa mwenye haraka husimama kwenye nukta. Wewe usisimame kwenye nukta. Kama ni kifungu, soma sentensi moja kabla ya pengo na moja baada yake, hata kama unadhani umekwisha kupata jibu.

Kuhusu kufua, kuosha na kunawa, nitakuwa mkali kidogo. Kwa mujibu wa kamusi maneno hayo yote yanahusu kuondoa uchafu kwa maji, na kamusi haijakosea. Lakini nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mikono mtu hunawa, na mwili mzima mtu huoga. Ukisema umeosha mikono utaeleweka, na wapo wengi wanaosema hivyo. Ukisema umenawa vyombo watu watakutazama. Mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na sijui maelezo mafupi zaidi ya tatizo lako. Wewe umejifunza maneno moja moja, kama watu waliopigwa picha za kitambulisho, na sasa unashindwa kuwatambua wakiwa katika msafara.

Chukua kitendo cha kitu kuachana vipande. Fimbo huvunjika, kamba hukatika, karatasi huchanika, puto hupasuka. Kamusi ikitaka kukueleza kila kimoja itazunguka maeneo yaleyale, lakini jicho lako likiona kamba kabla ya pengo, linapaswa kuwa limekwisha kufika kwenye kukatika. Au chukua kuazima na kukopa. Katika "______ kalamu yake, nikamrudishia jioni," kinachorudi ni kalamu ileile, kwa hiyo niliazima. Fedha ulizozitumia hazirudi zilezile, hurudi nyingine zenye thamani hiyo, kwa hiyo fedha hukopwa. Tofauti imekaa katika kitu kinachotajwa na katika kitendo kinachofuata, na vyote viwili vimo ndani ya sentensi.

Daktari wako aliyewadhuru wagonjwa kila asubuhi ili kujua hali zao alinichekesha, nami naomba radhi, maana nimetoka kumlaumu moyoni mkufunzi aliyekucheka. Wasemaji wengi hawatofautishi dh na z wanapozungumza, wala th na dh, na wengine huchanganya l na r, ndiyo maana vitate, yaani maneno yenye matamshi yanayokaribiana, ni shamba ambalo watahini hawachoki kulilima. Kurithi na kuridhia, kuthamini na kudhamini, dhana na zana, fahali na fahari, kalamu na karamu: sikio haliwezi kukusaidia hapo, ila sentensi inaweza. Neno ili linataja kusudi. Mtu anayetaka kujua hali ya mgonjwa hafanyi madhara, anakwenda kumwona. Nawe neno dhuru umelinakili kwa mkono wako mwenyewe, liko katika D. Kama ungelirudia maana yake na kuiweka katika pengo, "daktari aliwatia madhara wagonjwa ili kujua hali zao," ungeliacha papo hapo. Fanya hivyo kila mara: chukua maana ya neno ulilolichagua, iingize katika pengo badala ya neno lenyewe, kisha usome kwa sauti ndogo.

Hata hivyo, sitaki utoke hapa ukiamini kwamba muktadha ni rafiki wa daima. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin waliandika kwamba miktadha hailingani, wakaigawa katika aina nne: ile inayompotosha msomaji, isiyomwelekeza popote, inayomwelekeza kwa jumla tu, na inayomfikisha kwenye maana yenyewe. Ile ya kwanza ndiyo ya kuiogopa. Soma hii: "Alipomwona mtu asiyempenda akiingia, uso wake ulikunjuka, kwa maana alijua kwamba leo deni lake litalipwa." Asiyelijua neno kunjuka akiishia kwenye koma ya pili ataapa kwamba maana yake ni kuudhika. Aliyesoma hadi mwisho anaona kwamba mtu huyu amefurahi.

Na hapo pana dokezi lililokaa ndani ya neno lenyewe, ambalo hukulitaja katika barua yako. Ukikunja kitu, kisha ukakitoa katika hali hiyo, umekikunjua. Uso uliokunjika ni wa hasira, uliokunjuka ni wa furaha. Ile u iliyoingia kwenye kitenzi hutengua kilichofanyika, kama katika funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Muktadha unapokupeleka upande mmoja na umbo la neno linakuvuta upande mwingine, usichague haraka. Endelea kusoma mpaka viwili hivyo vipatane, na ukiona havipatani, liamini zaidi umbo la neno.

Umeniuliza kuhusu daftari. Usilichome, na wala usilipeleke hadi Z kwa namna hii. Rudi kwenye kurasa za mwanzo, na katika upande wa kulia, chini ya kila maana, andika sentensi uliyoikuta mahali fulani ambamo neno hilo limetumika. Siyo uliyoitunga, kwa sababu utakayoitunga itabeba makosa yaleyale unayotaka kuyaacha. Itachukua muda mrefu kuliko kunakili, na huenda kwa usiku mmoja ukamaliza maneno matano badala ya 30. Usihuzunike. Mwaka 1999 watafiti Swanborn na de Glopper walikusanya matokeo ya tafiti 20 kuhusu wanafunzi wanaokutana na maneno mageni katika usomaji wa kawaida, wakaona kwamba kati ya kila maneno 100 wasiyoyajua walijifunza takriban 15. Neno huhitaji kukutana nawe mara kadhaa, katika sentensi tofauti, kabla halijakuzoea.

Na zoezi nitakalokupa ni la zamani. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza njia ya kupima ugumu wa maandishi kwa kufuta maneno kwa mpangilio, kwa mfano kila neno la tano, na kuona wasomaji wanaweza kurudisha mangapi. Wewe igeuze iwe ya kujinoa. Nakili aya ya maneno kama 150 kutoka katika maandishi yaliyohaririwa vizuri, acha pengo kila neno la saba, uifiche karatasi kwa siku kumi hadi uisahau, kisha ijaze. Usiridhike kwa kupata neno. Kwa kila pengo, chora mstari chini ya neno jingine katika aya lililokulazimisha uchague ulichochagua: kiunganishi, kiambishi, kitu kinachotendwa, sentensi inayofuata. Pengo ambalo huwezi kulichorea mstari popote, lihesabu kuwa umelikosa hata kama jibu lako linalingana na la mwandishi, kwa sababu ulibahatisha. Mapengo ya viunganishi utayaona magumu mwanzoni. Yafanye hayo kwanza, maana ndiyo yaliyokugharimu zaidi.

Limebaki swali la tano. Nimelitazama kama ulivyolitazama wewe, nikafunika majibu, nikatafuta mahali pa kuchora mstari. Msafiri anaweza kuvaa kofia nyeusi, kubwa, mpya au nzuri. Hakuna kiunganishi, hakuna kinyume, hakuna sababu wala matokeo, na vivumishi vyote vinne vimepatanishwa na kofia bila dosari. Kama sentensi ingeendelea na kusema kwamba kibandiko cha dukani kilikuwa bado kinaning'inia, mpya ingelazimika. Haikuendelea. Swali hilo lina majibu manne sahihi, na aliyelikosea ni aliyelitunga. Kama mtihani wako unaruhusu kuomba alama zipitiwe upya, liandike hilo peke yake, kwa adabu, ukionyesha kwamba hakuna neno lolote katika sentensi linalolikataa jibu lako.